Kufunika upya mkia wa ndege ya kitambaa: gundi iliyoachia na eleveta iliyopinda

Usuli

Ndege ya kisa hiki ni ya viti viwili, bawa lake liko juu, injini ya nguvu farasi 65, na gurudumu dogo chini ya mkia. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1946 na bado imesajiliwa huko. Kiunzi cha mwili na mkia wake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa. Mabawa na mwili vilikwisha kufunikwa upya kwa poliesta. Mkia uliachwa na pamba yake ya zamani kwa kuwa rangi ilikuwa bado inang'aa. Jina la mmiliki, karakana, namba ya usajili na mahali vimeondolewa.

Rangi kung'aa hakusemi lolote kuhusu uzi ulio chini yake. Kwenye ukaguzi wa mwaka, mkaguzi alipima kitambaa kwa kifaa cha springi kinachobonyezwa juu yake. Ndege nyepesi kama hii, ambayo mzigo wa bawa hauzidi pauni 9 kwa futi ya mraba na kasi ya mwisho haizidi maili 160 kwa saa, inaruhusiwa pamba ya daraja la kati. Pamba hiyo ikiwa mpya ina nguvu ya pauni 65 kwa inchi, na ikishuka chini ya pauni 46 inakataliwa. Upande wa chini wa stabilaiza, yaani bawa dogo la mkia lisilocheza, ulisoma 58. Upande wa juu ulisoma 41 kulia na 39 kushoto. Mkaguzi angepima chini peke yake, kwa vile ni rahisi kuficha alama za kifaa huko, ndege ingepita. Kipimo hufanyika pale jua linapopiga, na hasa penye rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea, kwa sababu huko ndiko uzi unakochoka kwanza.

Kiraka hakikuwa suluhisho. Kiraka hufunika tundu kwenye kitambaa kizima, hakirudishi nguvu ya kitambaa kilichochoka. Vipande vyote vitano vya mkia vilipangiwa kufunikwa upya: stabilaiza mbili, eleveta mbili (vipande vinavyocheza nyuma ya stabilaiza kuinua au kushusha pua) na usukani (kipande cha wima kinachogeuza pua kushoto au kulia). Pezi la wima kwenye ndege hii limechomelewa pamoja na mwili, kwa hiyo lilikuwa na poliesta tayari.

Mmiliki alichagua poliesta ya wastani, yenye gramu takriban 92 kwa mita ya mraba, pamoja na mfumo mmoja kamili wa gundi na rangi. Kuhama kutoka pamba kwenda poliesta ni kubadili kilichoidhinishwa na kiwanda, na kwa ndege iliyosajiliwa Marekani kunahitaji cheti cha STC (idhini ya nyongeza ya kubadili muundo) kinachotaja aina hiyo ya ndege, na Fomu 337 (kumbukumbu ya matengenezo au mabadiliko makubwa) iliyosainiwa na mkaguzi mwenye mamlaka. Cheti hicho kinaambatana na mwongozo wa mfumo, na mwongozo unakataza kuchanganya: huwezi kutumia gundi ya mfumo mmoja, kitambaa cha pili na rangi ya tatu. Sharti hili litarudi mbele kidogo kwa namna ambayo fundi hakuitarajia.

Kuvua mkia

Kazi ilianza vizuri sana. Kila waya wa mkazo ulifungwa kibandiko chenye jina la ncha zake mbili, na idadi ya nyuzi za skrubu zilizoonekana kwenye kila ncha ikaandikwa. Kila kipande kikapimwa uzito kikiwa bado na kitambaa chake. Jumla ilikuwa kilo 13.3.

Kitambaa cha zamani hakikuchanwachanwa. Kilikatwa kwa wembe kufuata ukingo wa mbele, kikavuliwa kama ngozi, kikatandazwa ukutani. Kwa njia hiyo fundi alibaki na ramani: umbali kati ya mishono inayofunga kitambaa kwenye mbavu za fremu (milimita 63), mahali pa kila pete ya kutolea maji, upana wa tepu za kitambaa zinazofunika mishono na kingo, na matundu ya kupitishia waya. Hata mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wa AC 43.13-1B unataka mishono isiachane zaidi ya ilivyokuwa kiwandani. Asiyehifadhi kitambaa cha zamani atakisia umbali huo, na mkia wote unakaa ndani ya upepo wa propela, pasipo nafasi ya kukisia.

Kilichokuwa chini ya kitambaa

Stabilaiza zilikuwa safi. Shida ilikuwa kwenye usukani na eleveta ya kushoto.

Ndani ya pembe ya chini kabisa ya usukani kulikuwa na kiota cha nyigu, donge la udongo mkavu lenye ukubwa wa yai la kuku, limeganda juu ya bomba na kuziba pete ya kutolea maji. Kila mvua au umande ulioingia uliishia kwenye udongo huo, na udongo ukaushikilia unyevu kwenye chuma. Donge lilipong'olewa, chini yake palikuwa na kutu la rangi ya kahawia iliyokolea, linachubuka kama magamba ya samaki. Fundi alibonyeza kwa ncha kali ya chuma, ikazama. Bomba hilo lina kipenyo cha milimita 9.5 na ukuta wa milimita 0.9, palipozama ncha, ukuta haukufika nusu yake.

Kwenye eleveta ya kushoto, ukingo wa nyuma karibu na ncha ulikuwa na vishimo vya kutu, bila tundu. Angeweza kusema inatosha. Alikata, na alifanya sawa: kishimo kinaanza kuonekana kikiwa kimekwisha kula sehemu nzuri ya ukuta, na kitambaa kipya kingekificha kwa miaka ishirini au zaidi.

Kazi ya chuma

Fremu zilisafishwa kwa kupigwa chembe laini za kioo kwa shinikizo dogo. Mbavu za mkia huu ni bati jembamba lililokunjwa umbo la U, na mchanga mkali kwa shinikizo kubwa huzivimbisha na kuzipinda kwa dakika chache. Matundu yote ya mabomba yalizibwa kwanza, maana chembe zikiingia ndani hazitoki zote, na zinabaki kushika unyevu.

Sehemu mbili zilizooza zilikatwa: milimita 180 kwenye usukani na 240 kwenye eleveta. Bomba jipya la chuma cha kromoli 4130 (aloi yenye kromi na molibdeni) liliungwa kwa mkono wa ndani, yaani kipande cha bomba jembamba kinachoingia ndani ya yote mawili, ncha zikiwa zimekatwa mshazari kwa nyuzi 30 na kuachiwa mwanya wa kama milimita 3 ili ulehemu ushike bomba zote mbili na mkono ulio ndani. Usukani uliangikwa kwenye bawaba zake na kukutwa umenyooka. Eleveta haikuangikwa. Siku hiyo stabilaiza zilikuwa kwenye chumba cha rangi zikisubiri praima, hivyo hapakuwa na bawaba za kuiangikia. Fundi aliilaza mezani, akafumba jicho moja akatazama ukingo wa nyuma, akaona umenyooka.

Kisha praima ya epoksi ya sehemu mbili ilipigwa kwenye vipande vyote. Baada ya kukauka, mafuta ya kitani ya moto yalimiminwa ndani ya mabomba, yakazungushwa, yakamwagwa, na matundu yakafungwa.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na tone la mafuta kwenye kiungo cha usukani. Ulehemu ulikuwa na tundu la sindano. Mafuta yakatolewa, pakasafishwa, pakachomelewa tena. Chuma kikabaki kitupu kwa urefu wa kama sentimita 9, na kuchanganya epoksi kwa ajili ya sehemu ndogo vile kulionekana ni kupoteza dawa. Pakapulizwa praima ya kawaida ya kopo.

Kufunika

Poliesta hujikaza ikipigwa pasi, hivyo pasi ilipimwa kabla ya kugusa kitambaa. Waya wa kipimajoto ulibanwa kati ya pasi na tabaka kadhaa za kitambaa, pasi ikaachwa iwake na kuzima mara tatu au nne mpaka joto litulie, kisha kila daraja likachorwa kwenye tepu iliyobandikwa kuzunguka kitufe chake: nyuzi 107 za Selsiasi kwa kukunja na kulaza kingo, 121 kwa kuvuta kwa mara ya kwanza, 149 kwa mara ya pili, 177 kwa mara ya mwisho. Maandishi ya kiwandani kwenye kitufe hayakusaidia kitu. Alama ya pamba ilifika nyuzi 205. Kwa joto hilo poliesta haiendelei kukaza, inaanza kulegea, na iliyolegea namna hiyo haivutiki tena. Ikifika hapo inavuliwa. Bunduki ya hewa moto haikuruhusiwa kuingia chumbani, kwa kuwa joto lake hubadilika kwa kila sentimita unayoisogeza.

Kila bomba lilipakwa kwanza tabaka la gundi, likaachwa likauke. Kitambaa kikatandazwa bila kukivuta, kikashikiliwa kwa vibanio vya nguo, kikapakwa gundi mbichi juu yake hadi ikapenya na kukutana na ile ya chini. Upande wa pili ulipishana na wa kwanza kwa milimita 25 au zaidi, kila mpishano ukiwa juu ya bomba.

Usukani ulipopigwa pasi kwa nyuzi 121, ukingo wa chini uliachia. Kitambaa kilijivuta taratibu kutoka kwenye bomba, sentimita 9, kikiwa kimebeba utando wa praima mgongoni mwake kama ngozi ya jipu. Gundi haikuwa na kosa. Ndani yake mna kiyeyushi kikali cha metili ethili ketoni; epoksi iliyokauka haikijali, ila praima ya kopo inalainika na kuinuka. Gundi ilishika praima barabara, lakini praima ilikuwa imeachana na chuma. Hapa ndipo sharti la kutochanganya mifumo liliporudi: fundi alilishika kwenye kitambaa, gundi na rangi, akalisahau kwenye praima, kwa sababu machoni pake praima ilikuwa sehemu ya kazi ya chuma.

Usukani ulivuliwa wote. Kurudishia ukingo peke yake kungewezekana, ila mkaguzi aliuliza swali moja tu: ni wapi kwingine kopo lile lilipita? Hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika. Kitambaa kikatolewa, kila doa likafutwa kwa kitambaa kilicholowa kiyeyushi (epoksi haibadiliki, praima ya kopo inatoka na rangi), likapatikana doa la pili karibu na bawaba ya juu. Usukani ukapigwa epoksi upya na kufunikwa mara ya pili.

Eleveta zilifunikwa siku mbili baadaye, na fundi mwingine. Kwenye ya kushoto alimaliza kwanza upande wa chini, kuanzia 121 mpaka 177, kisha akaigeuza na kufanya upande wa juu. Zikakaza vizuri, zikasikika kama ngoma zilipogongwa kwa kidole.

Mishono ya mbavu ilifuata umbali wa zamani. Mshono wa kwanza wa kila ubavu ni wa kitanzi mara mbili, na inayofuata hufungwa kwa fundo la wavuvi lililorekebishwa, likisukumwa pembeni ya ubavu lisije kuacha nundu chini ya tepu. Tepu za ukingo uliopinda wa usukani zilikuwa za kukatwa mshazari, kwani tepu iliyonyooka hukunjamana kwenye mpindo. Tepu ya mshazari hupungua upana unapoivuta, kwa hiyo ilichaguliwa pana zaidi kuliko iliyohitajika.

Tabaka la kwanza la rangi lilipakwa kwa brashi ili lipenye na kulowesha nyuzi, brashi ikipita mara moja na kuendelea. Ukirudi rudi, au ukiipunguza rangi kupita kiasi, inadondoka ndani na kuganda kama matone ya mshumaa kwenye kitambaa cha upande wa pili, na hakuna njia ya kuyatoa. Baada ya hapo yakaja matabaka yenye unga wa alumini, ambayo ndiyo yanayozuia jua. Kila kipande kilishikwa mbele ya taa kuhakikisha mwanga haupenyi. Hapakusuguliwa msasa juu ya mishono wala kwenye kingo za tepu. Msasa hukata nyuzi zilizoinuka kabla fundi hajahisi.

Kuunganisha, na kupinda kulikoonekana

Mkia uliporudishwa kwenye mwili, eleveta zikafungwa pamoja katikati, na ukingo wa nyuma wa kulia ukawekwa sawa na ncha ya stabilaiza. Wa kushoto ulikuwa chini kwa milimita 11 kwenye ncha.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuupinda kwa mkono, taratibu, kitambaa kikiwa juu yake. Ndege nyingi za zamani zimenyooshwa hivyo. Mkaguzi alikataa kwa sababu mbili. Kiungo kipya kilikuwa katikati ya sehemu ambayo ingepindwa, na kikipata ufa hautaonekana chini ya tepu. Pia hakuna aliyejua upindo umetoka wapi, kwenye chuma au kwenye kitambaa. Kama kitambaa ndicho kilichokuwa kinavuta, chuma kingelazimishwa kukipinga milele.

Eleveta ya kushoto ikavuliwa. Fremu tupu, ikiwa bado kwenye bawaba zake, ilipanda kutoka milimita 11 hadi 4. Hesabu ikajitenga yenyewe: milimita 4 zilikuwa za ulehemu, 7 za pasi.

Fremu ilinyooshwa baridi juu ya vipande vya mbao, ikapitishwa kidogo ili ikirudi ikae sawa, kiungo kikakaguliwa kwa dawa ya kupenya nyufa, kisha ikafunikwa tena. Mara hii pasi ilipita upande wa juu kwa 121, ikageuzwa, chini kwa 121, kisha 149 pande zote mbili, na mwisho 177. Ilipoangikwa, tofauti na ya kulia ilikuwa chini ya milimita 2.

Matokeo

Mkia mpya ulikuwa na kilo 12.7, yaani 0.6 chini ya ule wa zamani uliokuwa na matabaka ya rangi ya miaka mingi. Mkia uko kama mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito, na ndege tupu ina kilo 338, kwa hiyo kitovu kilisogea mbele milimita 7. Karatasi ya uzito na mizani iliandikwa upya. Ndege iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na rubani peke yake, na ilikwenda sawa bila mkono kwenye fimbo.

Kazi iliyopangiwa wiki tano ilichukua nane. Kitambaa na dawa za vipande viwili vilitumika mara mbili.

Uchambuzi

Makosa mawili kati ya matatu yalitokea kabla kitambaa hakijaguswa, yakajificha mpaka kitambaa kilipoyatoa. Ndiyo maana hukumu juu ya kazi ya pasi na mishono haitoshi kueleza kisa hiki.

Tukianza na tundu la sindano: mafuta si kipimo cha ulehemu. Yanapofichua tundu, chuma kimekwisha kulowa na praima imekwisha kupigwa, na kila marekebisho baada ya hapo ni ya haraka na ya kipande kidogo, mazingira yale yale yanayomvuta mtu kwenye kopo. Hewa ya shinikizo dogo ndani ya bomba na povu la sabuni nje, kabla ya praima, ingelionyesha tundu lile kwa dakika mbili. Na epoksi ya kiraka huchanganywa hata kama ni kijiko kimoja.

Suala la eleveta lina pande mbili. Jicho lililofumbwa mezani huona ukingo ulionyooka, ila haliwezi kuona msokoto, kwa sababu ukingo unaweza kunyooka wenyewe na bado ukawa umezunguka kuhusiana na mstari wa bawaba. Kipimo pekee cha eleveta ni bawaba zake. Kama stabilaiza hazipo tayari, kazi inasubiri, au bolti ndefu zinapitishwa kwenye bawaba kama mhimili na eleveta zote mbili zinapimwa pamoja juu ya meza.

Upande wa pasi, fundi wa pili hakuvuka joto wala hakuunguza kitambaa. Kosa lilikuwa mpangilio. Poliesta iliyokazwa upande mmoja mpaka mwisho huvuta fremu nyepesi ielekee upande huo, nayo fremu inatii. Upande wa pili ukija kukazwa, unajikata kwa kipimo cha fremu iliyokwisha kupinda, unakaza vizuri tu, na hauna nguvu ya kutosha kuirudisha yote. Stabilaiza zilifanyiwa vivyo hivyo na hazikupinda, kwa kuwa zina mabomba mawili makubwa mbele na nyuma. Eleveta ina bomba kubwa mbele pekee. Mwongozo uliotumika ulisema kitambaa kivutwe kwa hatua, na fundi alitii hatua za joto, akadhani pande hazihusiki.

Kilichookoa kazi ni vipimo vilivyoandikwa mapema. Bila uzito wa kipande kwa kipande, mizani ingekuwa ya kukisia. Bila kuchora joto halisi kwenye pasi, milimita 7 zile zingesingiziwa pasi kali, na eleveta ingefunikwa tena kwa mpangilio ule ule.

Jambo dogo la mwisho linahusu maji, kwa kuwa ndilo lililoanzisha yote. Pete za kutolea maji ziliwekwa sehemu ya chini kabisa ya kila chumba ndege ikiwa imesimama kwa gurudumu la mkia, eleveta zikiwa zimening'inia, kwa sababu mvua huipata ikiwa imeegeshwa. Pete hubandikwa zikiwa zimefunikwa na kitambaa, kisha baada ya rangi hutobolewa kwa ncha ya moto inayoyeyusha kingo zisifumuke. Kwenye ukaguzi wa mwisho zilihesabiwa pete 14, na matundu 13. Pete iliyosahaulika ilikuwa ya pembe ya chini ya usukani, pale pale palipokuwa na kiota. Ikatobolewa, na kuanzia siku hiyo, ndege ikiegeshwa kwa zaidi ya wiki moja, kipande cha wavu mwembamba hufungwa juu yake na kitambaa chekundu cha kukumbusha kivuliwe kabla ya kuruka.